Uzi: Kutu ya ngano ilivyolaza shamba la baba na kuacha kipande cha mama. Kinga iliyomo ndani ya mbegu za zamani

Kitulo_Baridi:

Wakuu, habari za jioni.

Nina jambo linanikaa rohoni tangu msimu uliopita. Leo nimeona niliweke hapa, najua humu kuna wakulima, wataalamu na watu wenye wazee nyumbani.

Sisi kwetu ni Makete. Mwaka jana shamba la baba, ekari moja na nusu ya ngano, lilipigwa na kutu ya shina zikiwa zimebaki kama wiki tatu tuvune. Niliingia mle na suruali ya kijivu, nikatoka magoti yana rangi ya tofali. Ukishika shina ukavuta vidole kwenda juu unasikia mikwaruzo, ngozi ya shina imepasukapasuka, na vidole vinabaki na vumbi jekundu kama umeshika bati kuukuu. Tulipopura, punje zilikuwa zimesinyaa, ukizimwaga kiganjani nyepesi kama pumba. Baba hakusema kitu siku ile. Alikunja magunia aliyokuwa ameyanunua akayarudisha darini.

Sasa kando ya shamba hilohilo, mpaka ni njia ya miguu tu, mama ana kipande chake, hatua kumi kwa thelathini hivi. Pale anapanda ngano ndefu ya zamani aliyopewa na bibi, ya uji na maandazi ya nyumbani, haiuzwi. Upepo ni uleule na ukungu wa asubuhi ni uleule. Nilipoingia humo kutu niliiona, sitawadanganya. Ila ilikuwa vidoadoa vidogo vya hapa na pale, shina zimesimama, na punje zilijaa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nasoma kila ninachokipata kuhusu ugonjwa huu na mbegu za asili za ngano. Naweka niliyoyaelewa. Mwenye kujua zaidi anisahihishe.

Kitulo_Baridi:

Tuanze na adui mwenyewe.

Ngano ina kutu za aina tatu: kutu ya shina, kutu ya majani na kutu ya njano ambayo hujipanga mistarimistari kwenye jani. Zote ni kuvu. Ya shina inaitwa Puccinia graminis. Lile vumbi jekundu ni mbegu zake, yaani spora, na kila kidonda kimoja kinamwaga maelfu. Hupeperushwa na upepo hadi nchi za mbali. Hali ya hewa ikiwa nzuri, spora ikitua leo, wiki mbili zikiisha imeshafanya kidonda kipya kinachomwaga spora zake. Kwenye nyanda zetu za juu za Afrika Mashariki tatizo ni kubwa zaidi, maana ngano mbichi inapatikana mahali fulani mwaka mzima. Huku wanavuna, kule wanapanda, kwa hiyo kutu haipati njaa.

Mwaka 1998 huko Kalengyere, kusini magharibi mwa Uganda, mtafiti wa ngano William Wagoire aliona kutu ya shina kwenye ngano ambayo haikutakiwa kuugua kabisa. Mbegu hizo zilikuwa na jeni la kinga linaloitwa Sr31, lililotolewa kwenye nafaka ya rai miaka mingi nyuma na kuingizwa kwenye mbegu za ngano karibu kila bara. Dunia ilikuwa imelilalia jeni hilo moja kama godoro. Ile kutu ya Uganda ililivuka. Ilipewa jina la Ug99. Ikaenda Kenya, ikaenda Ethiopia, mwaka 2006 ikaonekana Sudan na Yemen, 2007 Iran. Kwetu Tanzania nako ilifika.

Mtu anaweza kuuliza, jeni moja linavukwaje? Nimepata mfano uliokaa vizuri kichwani. Jeni kama Sr31 ni askari anayemjua mwizi kwa sura. Kutu ikitua kwenye jani na kuingiza vitu vyake, askari akimtambua anapiga kengele, seli zilizoguswa zinajiua zenyewe pale pale, na kutu inakosa chakula. Ni kinga kali, unaona jani safi kabisa. Lakini mwizi akinyoa ndevu, yaani badiliko dogo tu kwenye jeni la kutu, askari anampisha kama mgeni. Na kwa kuwa mashamba yote yana askari huyohuyo, mwizi aliyenyoa ndevu anaingia nyumba zote.

Duka la Pembejeo:

Mkuu pole kwa mzee. Ila dawa za ukungu zipo na zinafanya kazi. Ungepuliza mapema, vidoa vya kwanza tu vinapotokea, usingepoteza hata debe.

Kitulo_Baridi:

Kweli kabisa mkuu, dawa inafanya kazi, siipingi. Kwetu ilishindikana kwa mambo mawili. Bomba la mgongoni tuna moja na linazunguka kwa ndugu watatu. Halafu vidoa vya kwanza vilitokea wiki ya mvua, kila tukijiandaa kupuliza inanyesha. Mvua ilipokata kutu ilikuwa imepanda juu. Ndiyo maana nikaona kinga iliyo ndani ya mbegu yenyewe ni ya mtu kama baba. Haihitaji bomba wala kusubiri jua.

Njoro Base:

Salamu kutoka Nakuru. Uzi mzuri huu, ngoja niongeze ya huku kwetu.

Hapa Njoro ngano na kutu ni hadithi ya zaidi ya miaka mia. Lord Delamere, mlowezi wa Kiingereza, alipolima ngano huku mwanzoni mwa miaka ya 1900 kutu ilimmalizia mashamba, mpaka akamleta mtaalamu wa kuzalisha mbegu. Kituo cha kuzalisha mbegu za mimea hapa Njoro kilianza 1927. Ngano za Kenya za enzi hizo zilikuwa na kinga nzuri hivi kwamba Norman Borlaug, yule mzalishaji mashuhuri wa mbegu za ngano, akiwa Mexico alizitumia kwenye mbegu zake. Moja aliiita Kentana 48, nusu Kenya, nusu Mentana ya Italia.

Ug99 ilipoingia Kenya, wataalamu wetu akina Dkt. Ruth Wanyera ndio walioifuatilia na kuandika kuihusu. Borlaug mwenyewe alikuja kuiona Njoro mwaka 2005 akiwa na umri wa miaka 91. Tangu hapo, nchi nyingi zinatuma mbegu zao hapa zikajaribiwe. Nimefanya vibarua mle misimu minne, kwa hivyo hili nimeliona. Pembeni mwa vitalu tunapanda ngano dhaifu kabisa, inaitwa Cacuke, halafu tunaidunga kutu kwa sindano shina kwa shina. Hiyo ikiugua inamwaga spora juu ya mbegu zote zilizo kati. Baadaye wataalamu wanapita mstari kwa mstari wakiandika namba, yaani kutu imefunika asilimia ngapi, na herufi, yaani mmea unadhurika au unahimili kiasi gani. Ukisikia "sitini S", hiyo mbegu imekwisha. Ukisikia "kumi MR", kila mtu anageuka kuitazama.

Na ule mfano wako wa mwizi kunyoa ndevu tumeuona kwa macho. Tulikuwa na mbegu inaitwa Robin, wakulima waliipenda mno. Kinga yake kubwa ilikuwa jeni moja, SrTmp. Kufikia 2014 kutu ilishaijua. Ethiopia walipatwa na hayo hayo mwaka mmoja kabla, na mbegu yao ya Digelu, jeni lilelile ingawa kutu yenyewe ilikuwa ya ukoo mwingine.

Mwanakijiji_77:

Nimekaa hapa. Endelea mkuu.

Kitulo_Baridi:

Asante sana ndugu wa Njoro, hilo la sindano sikulijua.

Naendelea na mbegu za zamani zenyewe, hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Mwaka 1948 Mmarekani mmoja, Jack Harlan, alikuwa anakusanya mbegu mashariki mwa Uturuki. Akapata ngano moja ya wakulima wa kule, nyembamba, ndefu, inalala hovyo, inaugua kutu ya majani, baridi kali haiiwezi, na unga wake hautoi mkate wa maana. Aliifunga kwenye bahasha kama nyingine zote, ikapewa namba PI 178383, ikawekwa stoo. Kwa takriban miaka 15 hakuna aliyeitazama mara ya pili. Kisha kutu ya njano ikalipuka kaskazini magharibi mwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wakaanza kupekua stoo, wakakuta ile ngano mbaya ina kinga dhidi ya kutu hiyo, na juu yake ina kinga dhidi ya magonjwa ya masizi na hata ukungu wa thelujini. Ikawa mzazi wa mbegu nyingi za eneo lile. Jeni lake mojawapo leo linaitwa Yr10.

Fikirieni Harlan angeamua siku ile kubeba ngano nzuri tu.

Nyingine ya kale zaidi. Mwaka 1916 kutu ya shina ilifyeka ngano Marekani na Kanada. Kijana mmoja wa South Dakota, Edgar McFadden, alikuwa ameona kwamba ngano ya kale ya Kirusi, Yaroslav, ya jamii ya emmer ambayo punje zake hazitoki kirahisi kwenye maganda, inasimama wakati nyingine zinaanguka. Akaichanganya na Marquis, ngano ya mkate iliyotamba wakati ule. Hizi mbili zina idadi tofauti ya kromosomu, emmer 28 na ngano ya mkate 42, kwa hiyo watoto wake wengi walikuwa tasa. Alibaki na mimea michache akaing'ang'ania miaka hadi akapata mbegu aliyoiita Hope, Tumaini. Ndani yake mlikuwa na jeni tunaloliita Sr2. Limepita kwenye ngano za Borlaug, limepita kwenye ngano za Kenya, na limefanya kazi karibu karne nzima bila kutu kulivuka.

Kwa nini Sr31 ilivukwa na Sr2 haikuvukwa? Hapa nilisoma mara tatu ndipo nikaelewa. Sr2 si askari wa kumtambua mwizi. Haimzuii kuingia, inamcheleweshea kila kitu. Vidonda vinakuwa vichache, vidogo, vinachukua muda kupasuka. Ngano changa hailindwi sana, kinga inakuja mmea ukishakua. Ukilitazama shamba utaona kutu na unaweza kudhani mbegu ni mbovu, lakini punje zitajaa kabla kutu haijamaliza kazi.

Jeni jingine, Lr34, nalo ni hivyohivyo. Linapunguza kasi ya kutu zote tatu pamoja na ukungu wa unga, ule ugonjwa wa majani kuwa kama yamepakwa unga, na mwaka 2009 watafiti walipolisoma walikuta ni jeni la kusafirisha vitu kupitia utando wa seli. Limo ndani ya ngano ya asili ya Sichuan, China, inayoitwa Chinese Spring, ambayo ndiyo iliyosomwa jenomu yake yote, yaani majeni yake na vyote vya urithi, na kutangazwa 2018. Ndugu yake Lr67 lilitoka kwenye ngano ya Pakistan. Mwaka 2015 ilijulikana kwamba ni jeni la mlango wa kupitishia sukari, lenye tofauti ya herufi mbili tu kwenye protini yake. Kutu inakuja kuiba sukari, na mlango umebadilika kidogo.

Nilipofika hapo nilikumbuka kipande cha mama. Vidoadoa vya hapa na pale, punje zimejaa.

MkulimaWaBasotu:

Nimeusoma wote kwa utulivu. Hongera kwa utafiti, lakini wadogo zangu msije mkapotoshwa. Nimelima ngano Hanang tangu mashamba makubwa ya serikali yakiwa yanafanya kazi. Hizi mbegu za zamani nazijua. Ukitia mbolea inarefuka, mvua ya upepo ikija inalala yote, na unavuna gunia nne au tano kwa ekari pale ambapo mbegu ya kisasa inakupa kumi na zaidi. Watoto hawasomi kwa gunia nne. Na si kila mbegu ya asili ina kinga. Nyingi zinaugua vibaya sana. Nimeona shamba la mbegu ya kienyeji limekuwa jekundu kutoka mpaka hadi mpaka.

Kitulo_Baridi:

Shikamoo mzee wangu. Umesema kweli na nakubali yote mawili. Ile ya mama nayo inalala, msimu huu upande wa chini wote ulilala. Simwambii mtu yeyote arudi kwenye mbegu ya bibi kwa biashara. Baba mwenyewe atapanda mbegu ya kisasa tena.

Ninachokisema ni kwamba mbegu hizi zisipotee kabla hazijatazamwa. Kuna Mwingereza, A. E. Watkins wa Cambridge, miaka ya 1920 na 1930 aliomba ngano za wakulima kupitia maofisa wa biashara wa nchi yake, zikanunuliwa sokoni na vijijini katika nchi 32. Zimetunzwa mpaka leo, aina 827. Mwaka 2024 watafiti wa Uingereza na China walitangaza kuwa wamezisoma zote jenomu. Waliona ngano hizo zina koo saba, na ngano za kisasa zimetokana hasa na mbili. Koo tano zimebaki kwenye bahasha. Tumekuwa tukichota maji kwenye ndoo mbili huku saba zimejaa.

Hili linatuhusu moja kwa moja sisi wa Nyanda za Juu Kusini. Kuna ugonjwa mwingine wa kuvu, blasti ya ngano, ulioanzia Paraná, Brazil, mwaka 1985. Suke linageuka jeupe kabla ya wakati na ndani hamna kitu. Mwaka 2016 ukaingia Bangladesh. Mwaka 2018 ukaonekana Mpika, Zambia. Mpika hiyo TAZARA inapita, treni ileile inayopita Mbeya na Makambako. Na katika kutafuta kinga yake, hizo ngano za Watkins zilisaidia watafiti kuonyesha kwamba Pm4, jeni la zamani la kuzuia ukungu wa unga, linazuia blasti pia.

MkulimaWaBasotu:

Marahaba. Hapo tumeelewana. La Mpika sikulijua, na limenishtua.

Binti wa Uyole:

Samahanini nachelewa, nimesoma uzi tangu mwanzo.

Kaka Kitulo, naomba kuuliza kitu kimoja. Hiyo ngano ya mama, suke lake lina weusi? Nenda kaangalie maganda ya suke na sehemu iliyo chini kidogo ya vifundo vya shina la juu. Kama imeshavunwa angalia mabua. Usiniambie kwa kukumbuka, nenda ukaangalie.

Kitulo_Baridi:

Dada nipo Njombe mjini. Jumamosi napanda nyumbani, nitakujibu.

Njoro Base:

Najua anachotafuta dada. Nasubiri pia.

Kitulo_Baridi:

Nimerudi wakuu. Nimekaa na mama kibarazani, mganda mmoja wa mabua alikuwa ameuhifadhi wa kuezekea banda la kuku. Weusi upo. Chini ya kifundo cha juu kuna rangi kama ya kahawa iliyopikwa sana, inapauka kadiri inavyoshuka. Baadhi ya masuke aliyotunza kwa mbegu yana michirizi myeusi kwenye maganda, mengine hayana. Nilipomuuliza akasema bibi alikuwa anaiita ngano yenye moshi. Akasema pia ndiyo sababu haiuzi. Miaka ya nyuma alipeleka debe mbili kwa mnunuzi mmoja sokoni, yule bwana akaona zile kapi nyeusi akasema ni uchafu, akamtolea bei ya chakula cha kuku. Hakupeleka tena.

Binti wa Uyole:

Mpe mama pole na shikamoo zangu.

Sasa nieleze kwa nini niliuliza. Sr2, hilo jeni la McFadden, linaambatana na weusi kwenye maganda na chini ya vifundo. Yamekaa pamoja kwenye kromosomu kiasi kwamba ni vigumu kuyatenganisha. Wazalishaji wa mbegu kwa miaka mingi wameutumia weusi huo kama alama ya kulifuata jeni kwa macho, kabla vipimo vya maabara havijapatikana. Lr34 nalo lina alama yake, ncha ya jani bendera, lile la juu kabisa, inakauka kama imeunguzwa na moto. Kwa hiyo kinga hizi mbili za kudumu zote zinaifanya ngano ionekane chafu au mgonjwa. Mkulima akichagua mbegu kwa uzuri tu, anaweza kuzitupa zote mbili kwa mkono wake.

Lakini hapa naomba tuwe makini. Weusi pekee si ushahidi. Kuna bakteria wanaoleta weusi unaofanana kwenye suke, na baridi yenu ya Makete inaweza kufanya alama hiyo itokee sana au kidogo. Pia umesema masuke mengine hayana weusi. Hilo ni la kawaida, mbegu ya asili ni mchanganyiko, ndani ya kipande kimoja kuna koo nyingi. Mchanganyiko huo nao unasaidia, kwa sababu spora ikiruka kutoka mmea mmoja haina uhakika wa kumkuta jirani anayefanana naye.

Na Sr2 ikiwa peke yake, mwaka wa kutu kali inazidiwa. Nguvu inakuja ukiunganisha majeni manne au matano ya namna hii ndani ya mbegu fupi isiyolala na yenye mavuno. Hapo unakaribia jani safi, na kutu haina sura moja ya kubadilisha ili ipite.

Kitulo_Baridi:

Dada, mama anauliza afanye nini. Ana kama kilo sita.

Binti wa Uyole:

Kwanza asile zote. Kilo mbili aziweke kwenye chupa kavu zenye kifuniko, na majivu kidogo, mahali pa baridi.

Halafu msimu ujao fanyeni hivi. Chagueni masuke ishirini, kumi yenye weusi na kumi yasiyo nao. Kila suke lipurwe peke yake kwenye bahasha yake na namba yake. Kila bahasha ipandwe mstari mmoja wa mita moja, na kati ya mistari pandeni ile mbegu ya baba iliyougua, ndiyo Cacuke yenu. Msipulize dawa. Suke likishatoka, kila wiki pita uandike kwenye daftari: mstari namba ngapi, kutu imeshika sehemu gani ya shina, vidonda vikubwa au vidogo. Baada ya kupura pima punje mia za kila mstari kwenye mizani ya dukani ya dhahabu, ukipata wa kukuazima.

Mikono miwili ya mbegu mpelekee bwana shamba wa kata, umwombe iende kwenye kituo cha taifa cha nasaba za mimea, Arusha, ikiwa na karatasi yenye jina la kijiji, mwinuko na jina la mama yako kama mtunzaji. Jina lisisahaulike.

Njoro Base:

Ongeza ndugu: anza kuandika mapema, siku kutu inapoonekana kwa mara ya kwanza. Kwenye hizi kinga za polepole, mwisho wa msimu zote zinaweza kuonekana zimeugua. Tofauti iko katika ni wiki gani ilifika wapi.

Kitulo_Baridi:

Nimeandika yote. Daftari nimenunua leo, mama amechagua masuke yeye mwenyewe kwa sababu anasema macho yangu hayaoni. Kafika kumi na saba mpaka sasa. Lile la kwanza ameliandikia namba na jina la bibi.

Tunapanda mvua zikianza. Nitaweka picha humuhumu.